Gari Mbele ya Duka

Jua lilikuwa limeshapanda Muleba na Kokugonza hakuwa ameuza hata nusu ya ndizi zake. Alikuwa ameketi mavumbini, pembeni mwa baraza la duka la Mhindi, kapu mbele yake, na kando ya kapu vifurushi vidogo vya kahawa ya kutafuna vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Matiti yalimuuma kwa kujaa maziwa. Alikuwa amejikamua kwa siri, akiwageuzia watu mgongo, lakini maziwa yalirudi, na nguo ilikuwa imelowa kifuani.

Nyumbani, ng'ambo ya bonde, mwanawe mchanga, Privatus, alikuwa na homa. Siku nyingine zote angekuja naye mgongoni. Lakini mtoto alikuwa ametetemeka hadi alfajiri, na Kokugonza akaona afadhali mtoto abaki kivulini na dada yake, Anatolia, bintiye mkubwa wa miaka minane. Angeuza haraka, anunue chumvi, arudi. Mume wake, Protase, alikuwa amekwenda Uganda kukata miwa, na msimu wa pili ulikuwa unapita bila salamu zake.

Gari jeusi likaja kwa upande wa Biharamulo, likasimama palepale barazani, upande wa jua. Akashuka mzungu mwenye kaptula, na mke wake mwenye kofia pana. Mke alichungulia nyuma kupitia kioo, akaweka kidole midomoni kumwonyesha mumewe kwamba watoto wamelala. Mume akapandisha kioo cha upande wake hadi juu, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya watu, akafunga milango kwa ufunguo. Wakaingia dukani.

"Hao ni wa migodini," alisema Muharami, fundi cherehani aliyeshonea barazani. "Wakipita hapa lazima tajiri mwenye duka awape chai."

Kokugonza aliinuka kidogo akatazama. Kwenye kiti cha nyuma alilala mvulana wa miaka mitatu au minne, kinywa wazi. Kando yake, ndani ya kikapu chenye shuka jeupe, kulikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa na umri kama wa Privatus.

Kivuli cha gari kilikuwa kimelala upande wa duka walipofika. Taratibu kikajivuta, kikaishia chini ya magurudumu. Kutoka vyumba vya nyuma vilisikika vikombe na kicheko cha tajiri, kicheko alichokiweka kwa ajili ya wazungu. Kokugonza aliuza chane moja ya ndizi, kisha akasikia kitu kikigonga. Mvulana alikuwa ameamka. Alikuwa mwekundu kama aliyechomwa, nywele zimemganda kichwani, na alikuwa akipiga kioo kwa viganja. Kilio chake kilitoka nje kikiwa kidogo sana.

"Muharami, watoto wale wanaungua."

"Wazazi wao wamo ndani."

"Kawaite."

"Niingie sebuleni kwa tajiri, ana wageni wazungu?" Muharami hakuinua macho kwenye mshono. "Baraza hili ni lake, dada yangu. Nikifukuzwa hapa nitashonea wapi?"

Kokugonza akaenda mwenyewe. Mtumishi wa duka alimzuia mlangoni.

"Unakwenda wapi, wewe?"

"Mwambie yule mama watoto wake wanalia garini. Jua ni kali."

"Mtoto kulia ndiyo habari? Tajiri kasema asisumbuliwe."

"Kamwambie tu."

"Rudi kwenye ndizi zako."

Aliporudi, mvulana alikuwa ameacha kupiga kioo. Alikuwa ameteleza chini, kati ya viti, na mkono mmoja tu ndio ulioonekana. Mtoto wa kwenye kikapu hakuwa amelia hata mara moja. Watu walikuwa wamekusanyika, lakini kwa mbali, kama watu wanaotazama nyumba ya mgonjwa wa ndui. Kokugonza akavuta mshikio wa mlango. Haukutikisika.

"Usiliguse," mtu mmoja akamwambia kwa Kihaya. "Gari la mzungu hilo. Utafungwa."

Alipiga kelele kuelekea dukani, akaita waitu, waitu, jinsi mtu anavyowaita wakubwa. Hakuna aliyetoka. Basi akaokota jiwe lililozuia mlango wa duka usijifunge, akalipiga kwenye kioo cha mlango wa mbele, upande wa dereva. Kioo kilivunjika kwa pigo la pili. Akaingiza mkono, akachanika kwenye kiwiko, akapapasa mpaka mlango ukafunguka. Joto lililotoka ndani lilimpiga usoni kama la tanuri la matofali.

Mvulana alimvuta kwanza, akamlaza barazani, naye akatapika, akaanza kulia. Kilio hicho kilikuwa kizuri kusikia. Mtoto mchanga alikuwa mzito na mlegevu. Kope zake hazikufumba wala kufumbua. Kokugonza aliketi naye kivulini, akamvua sweta la sufu, akampulizia usoni, akaomba maji, na aliyekwenda kuyatafuta hakurudi. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka kabisa. Maziwa ya Kokugonza yalikuwa yameshaanza kutiririka yenyewe. Hakufikiri. Alifungua nguo, akamtia mtoto titi kinywani, akamkamulia tone, na jingine. Koo dogo likameza. Kisha mtoto akaanza kunyonya, kwanza bila nguvu, halafu kwa pupa, mkono wake mweupe ukimparura kifuani.

Hapo ndipo memsabu alipotoka.

Alipiga ukelele ambao watu wa Muleba waliuzungumzia kwa muda mrefu. Alimnyakua mtoto kwa nguvu hata titi likamchomoka kinywani, akatoa leso, akaanza kumfuta midomo. Alifuta, akafuta tena, huku mtoto akilia na kugeuza kichwa kulitafuta titi. Mume alitazama kioo kilichovunjika, akamtazama Kokugonza aliyekuwa akijifunga nguo kwa mkono wenye damu, akampiga kofi.

"Wezi, bwana," alisema tajiri nyuma yake, kwa huzuni. "Siku hizi wamezidi."

Askari wa gombolola, ofisi ya chifu mdogo wa pale, alipofika, Kokugonza alikuwa bado anajaribu kueleza. Alieleza kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili chake kidogo.

"Nina mtoto mgonjwa nyumbani," alimwambia askari. "Niache nikamnyonyeshe, nitarudi mwenyewe."

"Utamwambia hakimu."

"Muharami, mpelekee habari shemeji yangu Karugendo. Mwambie watoto wako peke yao."

Muharami aliitikia kwa kichwa, macho kwenye cherehani.

*

Katika chumba cha mahakama, Bukoba, picha ya malkia mpya ilikuwa imetundikwa siku si nyingi. Ukuta nyuma yake ulibaki na alama ya picha kubwa zaidi iliyotangulia. Kokugonza alikuwa ameshakaa mahabusu hadi nguo yake ya kifuani ikakakamaa kwa maziwa yaliyokauka, na ilinuka. Alilijua hilo. Mkalimani, kijana aliyesoma misheni aitwaye Josia, alisimama mbali kidogo naye.

Mzungu wa migodini alisema maneno machache. Waliingia dukani kwa muda mfupi tu, muda wa kununua kibiriti. Walipotoka walimkuta huyu mwanamke amevunja gari. Kuhusu mtoto kunyonya hakusema lolote, na mke wake hakuja mahakamani.

Muharami naye aliitwa. Alikuwa amevaa kanzu safi.

"Nilisikia kioo kikivunjika," alisema. "Nilipoinua macho, mkono wa huyu mama ulikuwa ndani ya gari."

"Na kabla ya hapo?"

Muharami alinyoosha pindo la kanzu. "Kabla ya hapo nilikuwa nashona."

Kisha zamu ikawa ya Kokugonza. Alizungumza kwa Kihaya na hakuacha kitu: jua, vioo, mvulana aliyepiga kwa viganja, mtumishi mlangoni, jiwe, mtoto aliyekuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Alisema alimnyonyesha kwa sababu hapakuwa na maji. Josia alisikiliza, akajifuta jasho, akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza sentensi moja. Ilikuwa fupi sana. Kokugonza alingoja aendelee. Josia alikuwa ameshamaliza.

"Yote umemwambia?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimemwambia unakubali kuvunja kioo."

"Na mtoto? Umemwambia habari za mtoto?"

"Mama, nyamaza. Unataka nimtamkie hakimu maneno ya matiti?"

Hakimu aliuliza jambo. Hakuwa mtu mkali; sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kula. Josia akatafsiri.

"Anauliza kama una watoto."

Kokugonza aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu katika nyumba ile kumuuliza jambo la maana.

"Wawili, waitu. Mmoja ananyonya. Anaumwa."

"Wako na nani sasa?"

"Wako peke yao. Mkubwa ana miaka minane. Waitu, mwambie bwana, wako peke yao tangu siku ile."

Hakimu alipotafsiriwa hayo alitikisa kichwa polepole. Alisema maneno mengi kuliko yote aliyokuwa ameyasema asubuhi ile, na Josia, safari hii, aliyatafsiri yote, neno kwa neno.

"Bwana hakimu anasema amesikitika sana. Anasema ni aibu kubwa, mama kwenda sokoni na kuacha watoto wadogo bila mtu wa kuwaangalia. Anasema mama wa namna hiyo hashangai kumwona mahali hapa. Anasema serikali haiwezi kuwafundisha wanawake wenu kulea kama wenyewe hawataki."

Akafungwa miezi mitatu na kazi.

Gerezani alikuwa akijikamulia pembeni mwa ukuta kila asubuhi, mpaka askari jela wa kike akalalamika juu ya nzi, akamwamuru asugue sakafu. Baadaye maziwa yakakoma. Yeye na wafungwa wenzake walikata majani kando ya barabara ya ziwani, mbele ya nyumba za wazungu, na hakuna mtu wa kwao aliyekuja. Aliomba apelekewe habari nyumbani. Kila aliyeombwa alisema ndiyo.

*

Alipofunguliwa alidandia lori la kahawa lililokwenda Muleba, akamaliza njia kwa miguu. Karugendo, kaka wa mumewe, alikuwa ndani ya kibanja, shamba lililozunguka nyumba ya Kokugonza, akipunguza majani ya migomba. Kokugonza alipiga magoti, akamsalimu. Karugendo aliitikia bila kuacha kazi.

"Muharami alileta habari?"

"Alileta. Ilikuwa wiki ya pili." Alikata jani, likaanguka. "Binti alikuwa anamlisha mdogo wake ndizi za kupondwa. Tulimkuta mdogo ameshakata roho. Yuko pale, nyuma ya mti mkubwa wa kahawa."

Kokugonza hakugeuka kutazama. Mikono yake ilishika udongo.

"Na Anatolia?"

"Anatolia ni mtoto wa ukoo. Hawezi kukaa na mama aliyetoka jela, wazee wamekataa. Na hiki kibanja ni cha Protase. Protase hayupo, kwa hiyo nakitunza mimi." Sasa alimtazama. "Usinione mbaya. Nimemtafutia mahali pazuri. Yuko Bukoba, mtaa wa Bakoba, kwa bwana mmoja wa ofisini. Anakula vizuri."

Alirudi Bukoba kwa miguu, njia nzima. Bakoba alielekezwa nyumba ya mabati yenye ua wa minyaa na geti la mbao. Kupitia kati ya mbao alimwona Anatolia akitembea uani, mgongoni amebeba mtoto wa watu, mnene, aliyefungwa kwa shuka. Binti alikuwa amenyolewa kichwa. Alitembea huku akijirusharusha kidogo, jinsi wanawake wazima wanavyobembeleza.

"Anatolia."

Binti akasimama. Uso wake ulifunguka, kisha ukajifunga. Aligeuka kutazama nyuma yake, kwenye madirisha.

"Mama."

"Njoo, mwanangu. Fungua."

"Siwezi."

"Fungua kidogo tu, nikuone."

Mtoto wa mgongoni alianza kulia. Anatolia aliinama mbele, akampandisha, akampigapiga makalioni kwa kiganja kidogo kilichopasuka kwa sabuni.

"Wametoka," alisema. "Wamefunga geti, wamekwenda na ufunguo. Wameniambia nisimwache mtoto hata kidogo, Mama. Wamesema nikimwacha watanipeleka jela kama wewe."

Akaendelea kutembea, kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, huku mtoto akilia mgongoni.