Mke Aliyebadilisha Kitasa

Mimi ni fundi vitasa. Nachonga funguo, nafungua milango ya watu waliojifungia nje, na kitasa nikikikaza mimi, mwizi atachoka mwenyewe. Kwa hiyo jioni ile nilipotaka kufunga mlango wa nyumba yangu na ufunguo ukagoma kuzunguka, nilidhani nimechoka tu. Nikajaribu tena. Ukagoma. Nikafungua mlango, nikachungulia fremu. Lile tundu la kupokea ulimi wa kitasa lilikuwa limejazwa udongo wa kuchezea, wa kijani, na ndani yake njiti za kiberiti zimeshindiliwa mpaka mwisho. Kazi safi. Aliyeifanya alikuwa amenitazama nikiwa kazini.

Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilikuwa nimejiganga vizuri sana, ila kuna mtu ndani ya nyumba yangu alikuwa ananitegua.

"Nani?" nikauliza.

Nina watoto wawili. Wa kwanza binti, anaanza kuota meno ya mbele upya. Wa pili mvulana mdogo ambaye sote tunamwita Chiriku, na ukikaa naye muda mfupi utajua kwa nini. Binti alikuwa amekaa mezani, amefumba mdomo kama mkoba. Chiriku hakuweza.

"Ni dada! Ili baba aingie!"

Nikakaa chini. Baba yao alikuwa dereva wa lori. Gari lake liliungua huko mbali, tukaletewa mwili, tukazika. Funguo zake hazikurudi. Baada ya matanga nilitoa kitasa cha zamani nikaweka kipya, na kila aliyeuliza nilimjibu kifundi: ufunguo umepotea, una kibao chenye namba ya nyumba, usalama kwanza. Hakuna aliyebisha.

"Baba aingie vipi?"

"Kama kwenye kitabu cha mjomba," Chiriku akasema, macho yanamng'aa. "Mtu alikufa, wakamzika, halafu akarudi nyumbani. Akatoa ufunguo. Kri, kri, kri. Haukuzunguka! Kwa sababu mke wake alibadilisha kitasa. Akalia. Akanyeshewa. Akarudi alikotoka."

Binti yangu ndipo akafungua mdomo. "Na yule mke alikuwa amelala zake," akasema, akinitazama usoni bila kupepesa.

Nilijua kitabu hicho. Nani katika ukoo wetu asingekijua? Mdogo wangu, mjomba wao, tangu akiwa shule alimpenda mwandishi mmoja tu wa vitabu vya kutisha, akavisoma mpaka majalada yakabanduka, na mama yetu akamwambia ayadai majini kodi ya kukaa kichwani mwake. Sasa ni dobi. Watoto wangu hushinda kwake baada ya shule hadi nifunge kibanda changu cha funguo. Mimi nilidhani wanakunja soksi.

Sikuwa na moyo wa kuutoa ule udongo usiku ule; nilisukumia kabati mlangoni, na sikulala vizuri. Asubuhi nikawashika watoto mikono, mmoja huku mmoja huku, nikaenda.

Duka la mdogo wangu ni chumba kimoja chenye meza ndefu ya kupigia pasi, mvuke, na mashati yaliyotundikwa mpaka dari. Alikuwa ameshaanza kazi. Kitabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye kopo la wanga, mkono wa kulia unasukuma pasi, wa kushoto unafunua ukurasa. Ndivyo anavyofanya kazi kila siku, na ndivyo alivyokuwa akiwasomea wanangu. Nilikipiga kile kitabu kofi kikaruka mpaka kwenye beseni la nguo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, "na wangu mimi anazipiga pasi kabisa!"

"Dada, kuna nini?"

"Kuna nini? Mtoto ameharibu mlango wangu! Tumelala tumeuzuia kwa kabati! Kwa sababu wewe, mtu mzima na ndevu zako, umewasomea watoto waliofiwa na baba juzi juzi hadithi ya maiti anayerudi nyumbani! Hukuona kitabu kingine? Sungura wamekwisha?"

Aliinamia beseni, akakiokota, akakifuta kwa fulana yake. Hilo lilinikera zaidi.

"Nilianza na vitabu vingine," akasema. "Walikuwa hawasikilizi. Hiki nilikuwa najisomea mwenyewe, kwa sauti, unajua nilivyo. Wakanyamaza. Wakasogea. Tangu msiba, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona yule mkubwa anasikiliza kitu. Nilitaka wapende ninachokipenda, dada. Na nilikuwa nawaangalia nyuso. Wallahi hawakuogopa hata kidogo."

"Hawakuogopa kwa sababu hawakujua kama ni ya kutisha! Wao wamedhani ni habari njema!"

 Pasi ilikuwa mkononi, ameisimamisha hewani.

"Walikuwa wanaomba sura ileile," akasema polepole. "Kila siku. Nikadhani ni kwa jinsi ilivyoandikwa."

"Ukadhani! Akili ni nywele, na wewe wazi una upara! Watoto wanaomba kila siku mtu afike mlangoni, hujiulizi wanamngoja nani?"

Nilikuwa bado namshushia. Nilikuwa na mengi. Kuna mengine yalikuwa ya tangu utotoni, nayo nilikuwa nimeyaleta. Ndipo binti yangu, aliyekuwa ameketi juu ya rundo la mashuka, akasema:

"Usimgombeze mjomba. Mjomba hakubadilisha kitasa."

Mkono wangu ulinyanyuka. Sitaficha: ulinyanyuka, nikauona hewani, nikaurudisha. 

"Nilibadilisha kwa sababu ufunguo wa baba ulipotea. Mwizi angeweza kuuokota. Una kibao chenye namba ya nyumba yetu."

"Namba tu," akasema. "Hakina mtaa. Hakina mji. Mwizi wa huko mbali atajuaje ni nyumba yetu?"

Watu wazima wote waliokuja matangani, wenye suti na vilemba, walimeza jibu hilo na chai. Huyu hakulimeza. Na alikuwa na haki. Hakuna mwizi duniani ambaye angefika kwangu kwa kile kibao, na hilo mimi, fundi, nililijua siku ileile nilipokuwa nakaza skrubu.

Hasira yote niliyokuja nayo haikuwa na pa kwenda tena.

"Unataka kujua?" nikamwambia, na sauti haikuwa nzuri. "Basi jua. Nilikuwa namsubiri. Kila jirani akiingiza ufunguo mlangoni kwake, nilikuwa nainuka. Naacha chungu jikoni nainuka. Nafika mlangoni, naweka mkono kwenye komeo, nasimama kama mjinga. Nimemzika mwenyewe, nimemwaga udongo kwa mikono hii, na bado nainuka! Nikachoka. Nikasema nikibadilisha kitasa, masikio yangu yatajua kwamba haiwezekani. Ndiyo sababu. Hakuna mwizi."

Binti yangu akasogea ukingoni mwa rundo.

"Yakajua?"

"Nini?"

"Masikio."

"Hayakujua. Hata jana niliinuka."

"Kwa hiyo na wewe unataka aje."

"Nataka! Nani amekwambia sitaki? Nataka kuliko wewe, kuliko Chiriku, kuliko yule maiti wa kwenye kitabu! Lakini haji, mwanangu. Si kwa sababu ya kitasa. Hata nikiung'oa mlango wote na ukuta wake, haji. Nimemkasirikia kwa hilo, sijui hata hasira hii niipeleke wapi, ndiyo maana naileta kwa mjomba wako."

Binti yangu hakulia mazikoni. Watu walimsifu, wakasema ana moyo wa kikubwa. Sasa alifungua mdomo akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mikono imelegea pembeni, na mimi nikaingia naye kwenye yale mashuka ya watu, na Chiriku naye akaangua kilio kwa kuwa dada yake analia. Tulikuwa hivyo mpaka tukasikia harufu ya moto. Mdogo wangu alikuwa ameitua pasi juu ya shati la mteja akaisahau, na alama yake ikabaki mgongoni, ya kahawia, safi kama muhuri.

"Na hilo ni lako," nikamwambia. "Utajua utakavyomweleza mwenyewe."

Jioni nilimpa binti kindoana changu kidogo cha kazi. Alikwangua ule udongo wote, akatoa njiti moja moja, akapuliza tundu. Kisha akazungusha ufunguo, ulimi ukaingia. Akauzungusha tena, ukatoka. Akaingiza tena. Sikumharakisha.

Msidhani nimesamehe. Mdogo wangu nilimkalia kimya juma zima, kisha nikamwekea sharti: vitabu vya huyo bwana wake atawasomea nikiwepo, na kama sipo, sungura. Jumamosi nikafunga kibanda mapema nikaenda. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, watoto kwenye mashuka, yeye mezani na pasi yake. Binti akaomba sura ileile. Nikasema asome.

Nitasema ukweli, mwandishi yule anajua kazi. Mtu akatoka makaburini, mvua ikaanza, ufunguo ukaingia tunduni, kri, kri, na mwili wangu mimi mtu mzima ukasisimka. Nikashikilia ndoo nisiinuke. Halafu mdogo wangu akasoma: "Ndani, mke alikuwa usingizini."

"Uongo," akasema binti yangu.

"Uongo mtupu," nikasema. "Huyu bwana hajawahi kufiwa. Kata huo mstari."

"Dada, kitabu hiki hakichorwi. Ninacho tangu—"

Nilimpokonya kitabu, nikachukua kalamu yake ya kuandikia majina ya wateja, nikaukata mstari ule mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha nikampa binti yangu kalamu. Alilala kifudifudi juu ya mashuka, ulimi nje kwenye pengo la jino, akaandika pembeni kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: ALIKUWA MACHO.