Mrithi Mwenye Macho Makavu

Siku tuliyomzika Bibi, mzaa mama, watu wote walilia isipokuwa mimi. Si kwamba sikujitahidi. Nilibana pumzi, nikafikiria matokeo ya mtihani wa kemia, nikajifinya paja ndani ya kitenge. Machozi yakagoma kama punda kwenye mlima. Hata jirani aliyekuwa akimwita Bibi mchawi mchana kweupe alikuwa anajipangusa kwa ncha ya kitambaa, na mimi mjukuu nimesimama mkavu kama kuni.

Ndugu waliona. Na ndugu zangu wakiona jambo hawalali nalo. Kabla sahani hazijaoshwa walishakubaliana: asiyelia ndiye aliyeachiwa uchawi. Mama mkubwa akaniita chumbani kwa Bibi, akafunga mlango, akausukuma kwangu mkoba wa ngozi kwa ncha ya mwiko.

"Chukua. Wako huo."

"Mama mkubwa, mimi nasomea mimea chuoni."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

Nikamtazama Mama, aliyekuwa ameingia nasi, anitetee. Mama alikuwa anaikagua dari. "Chukua tu, mwanangu," akasema, "watu wapumzike."

Bibi alikuwa mganga. Waliomhitaji walipita mlango wa mbele, na waliomsema walipita uani, mara nyingi watu walewale. Mimi chuoni nilikuwa nimewaambia watu kwamba ni nesi mstaafu. Nilimvalisha hadi sare na viatu vyeupe, yeye ambaye miguu yake haikujua kiatu kisichokuwa ndala.

Aliyeuamini zaidi uongo huo ni kijana tuliyemwita Kamusi. Alisomea lugha, na kosa la lugha likipita mbele yake lazima alikamate. Nilimpenda siku aliponisahihisha "masaa" kuwa "saa" mbele ya foleni nzima ya chakula. Mwenye akili zake angekasirika. Mimi muhula mzima nikawa naharibu ngeli kwa makusudi ili aniangalie. "Kitabu yangu imepotea," namwambia. Anafumba macho kwa uchungu, kisha ananirekebisha taratibu, nami narudi chumbani nikiwa nimeshiba.

Basi niliporudi chuoni baada ya mazishi, niliufungua mkoba. Ikatoka harufu ya moshi na mafuta ya mbarika, harufu ya Bibi mwenyewe, kana kwamba amekaa kitandani kwangu. Nikaufunga haraka. Nikajiambia kwamba sina huzuni, nina kazi. Kama wameshanipa jina la mchawi, basi walau nipate na faida yake.

Nilikumbuka wanawake waliomfuata Bibi kutafuta dawa ya mvuto. Wakitoka, walikuwa na kifuko mkononi. Nikaufungua mkoba tena, safari hii nikiwa nimeziba pua. Mizizi, magome, pembe ndogo, na chini kabisa kifuko kimoja kilichofungwa uzi mwekundu na kuviringishwa nailoni juu ya nailoni. Ndani mlikuwa na vumbi la kahawia, laini kama manyoya. Dawa iliyofungwa hivi, nikawaza, lazima iwe kali.

Hapo sikukosea.

Kumbuka mimi ni mwanafunzi wa mimea, tena wa alama nzuri. Maabara ilikuwa upande wa pili wa ua, na darubini ndani yake. (Hadubini. Ameshanisahihisha.) Ningetazama mara moja tu, hadithi hii isingekuwepo. Badala yake nilichukua glavu za maabara, maana mapenzi si mchezo, nikaenda maktaba kumvizia. Aliponyanyuka kufuata kitabu, sweta lake likabaki kitini. Nikalinyunyizia dawa kwenye kola, nikanong'ona jina lake, nikakaa kimya kama malaika.

Akarudi, akalivaa. Muda si muda akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza, kwa sauti laini niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

"Moto," akasema.

Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Shingoni," akaongeza. "Na mgongoni. Nini hiki?"

Akaanza kujikuna. Alijikuna ameketi, akajikuna amesimama, kisha akatoka mbio hadi kwenye nguzo ya ukumbini na kuanza kujisugua kama ng'ombe mwenye kupe. Mkutubi alimfuata hadi mlangoni akiwa ameinua kidole cha kutaka kimya, kidole kikabaki hewani.

Kamusi alikimbilia bomba. Ndipo nikasikia sauti ikitoka kinywani mwangu, nzito, isiyobishiwa: "Usijimwagie maji. Usijikune. Vua sweta." Haikuwa sauti yangu. Nikakumbuka nilivyoingia kichakani nyuma ya nyumba ya Bibi nikiwa mdogo, nikarudi nalia mwili mzima unawaka. Bibi alinivua nguo, akanisugua majivu huku akiugombeza upupu, si mimi. "Huna adabu," aliuambia. "Huoni huyu ni mtoto?"

Nikamshika Kamusi mkono hadi nyuma ya jiko la chuo. Mpishi akatupatia karai la majivu yaliyopoa, nikamkalisha Kamusi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kumsugua mgongo. Mgongo uliovimba namna ile haudanganyiki, kwa hiyo nikausimulia ukweli wote.

"Bibi yangu hakuwa nesi. Alikuwa mchawi. Nilikuwekea dawa ya mapenzi, kumbe ni upupu."

Akageuza shingo. "Alikuwa anaroga watu?"

"Alikuwa anawatibu."

"Basi alikuwa mganga. Mchawi anaroga, mganga anatibu. Usiyachanganye."

Msibani pote hakuna aliyeniambia neno hilo.

"Na wewe leo umekuwa yupi?" akauliza.

"Mchawi," nikasema. "Tena wa daraja la chini."

Mabega yake yakatikisika. Sikujua ni kicheko au ni upupu. Kisha akauliza kwa upole, "Alifariki lini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio. Nililia yale ya mazishini na riba yake. Nilimlilia mgongoni mpaka majivu yakawa tope. Mpishi alidhani tunaachana, akaenda zake akatuachia karai. "Bibi yangu ilinipenda," nikasema katikati ya kwikwi, na safari hii sikukosea makusudi. Kamusi hakunisahihisha. Hapo nikajua ananihurumia kweli.

Jioni nikampigia Mama.

"Chenye uzi mwekundu?" akasema. "Kile ni cha wezi wa kuku. Alikuwa anapaka kwenye mlango wa banda."

"Na dawa ya mvuto?"

"Ipi? Alikuwa anawapa iliki watafune, anawaambia wakaoge na wapunguze maneno. Wengine iliwasaidia. Kwani umemwekea nani?"

Nilipomweleza, Mama alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kisha kicheko kikageuka, nikasikia analia, nami nikaanza upya. Tulilia pamoja hadi salio likakata.

Sitasema Kamusi alinipenda siku ile. Kwa muda alikaa meza ya mbali, sweta lake kalikumbatia kifuani. Halafu siku moja akaja, akakikagua kiti kilichokuwa kando yangu, akakipangusa kwa karatasi, akaketi.

Likizo alinisindikiza nyumbani tukapalilie kaburi. Mama mkubwa alimzunguka akimchunguza kama mbuzi wa mnadani, akaniuliza pembeni nimemlisha nini. Nikamwambia nimempaka tu.

Tukiwa tumeinama na majembe, Kamusi akataka kujua Bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza na jinsi alivyokuwa akilamba chumvi kwa kidole jikoni, akidhani hakuna anayemwona. Palizi ikaisha, mimi bado nasimulia, niko palepale jikoni kwake.