Malka ya Darasa la Tano

Siku ya wazazi, jina la Nimo lilipotajwa, mama yake, Barwako, alikuwa wa kwanza kusimama, kabla hata ya Nimo mwenyewe. Hakungoja kusikia ameitwa kwa lipi. Mtoto wake ameitwa mbele ya watu, basi, yatosha. Alipiga vigelegele peke yake, kwa pumzi ndefu, mpaka wanawake wenzake wa Kiorma waliokaa nyuma wakamvuta gauni aketi.

Ndipo Mwalimu Katana, mwalimu mkuu, akamalizia kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema: "Wa kwanza darasa la tano, somo la Dini ya Kikristo!"

Vigelegele vilikuwa vimeshatoka, havirudi. Barwako alibaki na mdomo wazi. Katana, Mgiriama mwema asiyejua kuficha furaha yake, alimshika Nimo bega akamkabidhi chupa nyekundu ya chai, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Wazazi wa Kipokomo walipiga makofi, baadhi yao wakitazamana, maana watoto wao ndio waendao kanisani kila Jumapili na hakuna aliyeitwa. Upande wa wafugaji wa Kiorma, Waislamu wote, mtu mmoja alicheka puani.

"Hongera, Jibril," alisema. "Umezaa pasta."

Jibril, babake Nimo, alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Siku hiyo hata hayo machache hayakutoka. Alichukua fimbo yake, akaondoka, akawaacha mke na mtoto watembee peke yao hadi nyumbani na chupa yao.

Maneno aliyatoa jioni, na yalikuwa yameiva. "Pale harudi tena. Atakwenda Garsen kwa shangazi yake Hibo. Huko kuna maalim, kuna madrasa. Na hiyo chupa nisiione ndani ya nyumba yangu."

Barwako aliisukuma chupa chini ya kitanda. Garsen si mbali, na Hibo hakuwa mtu mbaya. Lakini Hibo ana duka, ana watoto wadogo wanaofuatana, na msichana wa mwisho kupelekwa kwake "kusoma" aliishia kubeba watoto mgongoni mpaka alipoolewa. Darasa alilisikia redioni. Barwako alijua hivyo, Jibril alijua hivyo, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Asubuhi alimkalisha Nimo kando ya ndama. "Niambie, mwanangu. Ilikuwaje ukawashinda wenyewe kwenye dini yao?"

Nimo alijikunyata. "Mama, maswali mengi yalikuwa ya mifugo."

"Ya mifugo?"

"Ya Yakobo na kondoo wenye madoa. Ya Musa akinywesha mbuzi wa watu kisimani. Ya Daudi na simba. Wenzangu hawaelewi kwa nini watu wanagombania kisima. Mmoja aliandika kwamba kondoo wanakula mahindi ya kuchoma."

Barwako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Alijivuna, tena sana, na hakuona haya kujivuna. Mtoto wa wafugaji ameketi katikati ya watoto wa wakulima, kwenye somo lao, akawafundisha maana ya kisima! Lakini asije mtu akasema Barwako alikuwa mlegevu wa dini. Jambo lenyewe lilimwuma pia. Nimo alikuwa akikaa kwenye somo lile kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukaa. Mwalimu wa Dini ya Kiislamu hakuwahi kuletwa, na mafuriko yalipochukua chumba cha pili cha shule hata kivuli cha kuwasubirisha watoto wa Kiislamu kilikwenda nayo. Mtoto alikuwa akijua ya wenzake kuliko yake. Hilo si la kuchekwa.

Basi alimwendea mumewe, si kwa ubishi. "Baba Nimo, kuna mkutano wa wazazi. Ngoja mkutano."

Jibril aliichomeka fimbo yake mchangani. "Nitangoja mkutano. Wakisema yale yale, mtoto anapanda pikipiki siku hiyo hiyo."

Wiki nzima Nimo alikaa nyumbani na ndama, sare yake ikining'inia msumarini. Barwako aliifua ingawa haikuwa chafu.

Mkutano uliwaka moto kabla haujafunguliwa vizuri. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Hiribae, Mpokomo mwenye shamba la mahindi linalopakana na shule, alisimama na kofia yake mkononi.

"Shule hii waliianzisha wazee wetu pamoja na kanisa," alisema. "Hatukumwita mtu, na hatukumfukuza mtu. Anayekuja asome kinachosomwa."

"Sisi si wananchi?" Jibril aliruka juu. "Kodi hatutoi? Nyinyi mnageuza watoto wetu, halafu mnawapa na zawadi!"

"Nani kamgeuza nani? Binti yako kawashinda wetu, na bado wewe ndiye unayelia!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikawa kibaya kuliko tusi. Wafugaji wakaanza kusimama. Mwalimu Katana alinyoosha mikono yote miwili. Ameomba mwalimu wa Kiislamu ofisi ya elimu mpaka wamemchoka, alisema, na chumba ni hiki kimoja. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakati huo ng'ombe walikuwa wanapita nyuma ya shule, kengele zao zikilia, wakishuka mtoni kunywa. Walipita kwenye malka, ile njia ambayo wakulima huiacha bila kulima katikati ya mashamba ili mifugo ifike majini. Kila mtu mle ndani aliijua malka ile. Mwaka ilipozibwa kulizikwa watu wa pande zote mbili, na tangu ilipofunguliwa hakuna aliyethubutu kupanda hata mchicha juu yake.

Barwako alisikia zile kengele, na miguu ikamsimamisha kabla ya akili. Wanawake wa Kiorma hukaa nyuma kwenye mikutano, na wakisema husema baadaye, nyumbani, kwa ukali. Siku hiyo alisema papo hapo.

"Mzee Hiribae, nisamehe, wewe ni kama baba yangu. Hawa ng'ombe wanaopita, ni wako?"

"Si wangu. Mimi ng'ombe wa nini?"

"Na ardhi wanayokanyaga?"

Mzee alitazama dirishani. "Nusu ya kule chini ni yangu."

"Umewahi kumwambia ng'ombe, kwanza uwe mbuzi ndipo nikupitishe?"

Wafugaji waliosimama wakaanza kuketi. Barwako alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, lakini haikutetemeka. "Hujawahi. Na sisi hatujawahi kukwambia, Mzee, usilime. Wewe unalima, sisi tunapita, na kila mmoja anarudi kwake na chake. Mimi siombi mfute somo lenu. Binti yangu amelisoma na halikumwua, amewaletea mpaka sifa. Mimi naomba malka. Njia ndogo tu hapa ndani ya darasa, mtoto wangu naye afike kwenye maji yake."

Aliketi. Wanawake wa nyuma hawakumvuta gauni safari hii. Mmoja alimshika mkono akaufinya.

Mzee Hiribae aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena. Alikuwa mtu mkaidi, lakini hakuwa mjinga, na jambo la haki likisemwa vizuri lilimpendeza hata likimpiga yeye.

"Umesema vizuri, binti yangu," alijibu. "Lakini malka ina sheria yake, na nyinyi mnaijua kutushinda. Ng'ombe asiye na mchunga hapiti. Akija peke yake anaingia shambani, anakula, tunaanza kutafutana. Mimi leo naifungua malka yako. Jumanne chumba hiki ni chenu, na watoto wetu watakaa kwenye banda langu la mahindi. Alhamisi ni chetu, na wenu watakaa kwangu. Mwalimu, unakubali?"

"Nakubali," alisema Katana haraka, kabla mtu hajabadili nia. "Na mpaka serikali ilete mwalimu, atakayejitolea kufundisha, nitakaa karibu naye nimsaidie na kitabu."

"Basi," alisema Mzee Hiribae, akiwageukia wafugaji. "Mchunga wenu yuko wapi?"

Hapo wafugaji wote wakainama kutazama miguu yao. Maalim wa Garsen ana watoto wake wa madrasa, hawezi kuwaacha. Vijana wanakwenda na mifugo. Mke hataji jina la mumewe mbele ya wanaume, na wala Barwako hakuhitaji. Aligeuka tu akamtazama Jibril, aliyehifadhi Kurani utotoni kabla hajaota ndevu, ambaye msikitini kukikosekana imamu yeye ndiye huswalisha watu, na ambaye kwa siku nyingi alikuwa na hasira za kumtosha kila mtu kijijini.

Yule aliyecheka puani siku ya zawadi ndiye aliyesema. "Jibril si anajua?"

"Mimi sijakaa darasani hata siku moja," Jibril alinung'unika. "Kitabu chenyewe cha Kiingereza."

"Nimo atakusomea Kiingereza," alisema Mwalimu Katana. "Wewe utaeleza maana."

"Au hasira ni nyepesi kuliko kazi?" aliuliza Mzee Hiribae, polepole, bila kucheka.

Shingo ya Jibril ilivimba. Barwako alishika pindo la mtandio wake, akilini akiiona pikipiki, akiiona Garsen, akimwona mtoto wa Hibo mgongoni mwa Nimo. Mumewe alimtazama Mzee Hiribae, akamtazama mwalimu, kisha akatazama dirishani, mahali ng'ombe wa mwisho alipokuwa anapita na kijana wake nyuma.

"Jumanne," alisema. "Saa ngapi?"

Siku ya Jumanne Jibril aliamka kabla ya adhana. Alivaa kanzu ya Idi, akaivua, akaivaa tena. Alimwuliza Barwako kama chaki inachafua nguo, naye akamjibu kwamba hajui, hajawahi kuishika. Mikono yake, mikono iliyowahi kumtoa ndama tumboni mwa ng'ombe gizani, ilikosea vifungo mara mbili. Barwako aliiona, akajifanya haoni. Nje Nimo alikwisha kuvaa sare, mkoba mgongoni, anapiga hatua huku na huko.

"Nitakaa huko mpaka mchana," alisema Jibril. "Nifungie chai."

"Nikutilie kwenye nini?"

Alijikohoza, akautazama mlango. "Ile chupa nyekundu iko wapi?"

Barwako hakutaka kumwachia kirahisi, baada ya wiki nzima ile. "Chupa ipi? Ile ya pasta?"

"Ya binti yangu," alisema Jibril. "Alikuwa wa kwanza."

Barwako aliinama akaitoa chini ya kitanda, akaichana nailoni, akaisuuza, akaijaza chai ya maziwa mpaka juu. Alidhani atampa Nimo aibebe. Jibril alimpokonya. Aliibeba mwenyewe, waziwazi, akashuka nayo kwenye malka katikati ya mahindi ya Mzee Hiribae, akiwasalimia wakulima kushoto na kulia, Nimo nyuma yake, na alipoingia darasani aliiweka juu ya meza ya mwalimu, mahali ambapo kila mtoto angeiona.