Bahari Yafutwa Kwenye Hati

Nadia aliandika hati ya mahitaji ya kijiji kipya katika chumba cha mbele cha ofisi ya kampuni, mjini Palma, feni ikimpeperushia karatasi. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, na watu wa ufukweni walitakiwa kuhamia bara. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watahitaji nini huko. Wanaume walitaja maji, msikiti, shule. Wanawake, mama yake Alima akiwa miongoni mwao, walitaja bahari.

"Maji yakipwa tunaokota chaza, tunachokoa pweza," Alima alisema. "Andika hivyo hivyo, mwanangu."

Akaandika. Mkuu wake, Virgílio, alisoma, akavua miwani.

"Bahari si kitu cha kujengwa, Nadia. Futa."

Nadia aliufikiria mkataba wake, uliokuwa haujasainiwa upya. Akafuta.

Alasiri hiyo bahari iliingia ofisini. Ilipita chini ya mlango bila haraka, ikawafika vifundoni. Virgílio alikunja suruali, akaagiza kompyuta ziinuliwe. Domingas wa usafi alivipanga viatu vya wote juu ya kabati. Tangu hapo maji yalijaa na kupwa mle ndani kwa saa zake za kawaida, na hati ikamalizika, ikapitishwa.

Watu wakahamishwa. Nyumba zilikuwa nzuri, za bati jipya, na maji ya bomba. Bahari ilikuwa mbali mno hata harufu yake haikufika.

Wanawake wakaanza kuja ofisini kwa chapa, yale mabasi madogo ya abiria, na vikapu vyao. Maji yakishakupwa, waliinama kati ya miguu ya makarani, wakiomba radhi. Virgílio alivumilia kwa muda, kisha akamwagiza Nadia aandike hati nyingine, ya mahitaji ya ofisi. Nadia aliandika mabuti ya mpira, meza ndefu zaidi, na mlinzi wa kuzuia wasio na kibali. Yote yalipatikana.

Alima alipofika, mlinzi alimrudisha kwa adabu. Akazunguka hadi dirishani kwa binti yake.

"Nani kasema tusiingie?"

"Imeandikwa, mama."

"Kaandika nani?"

Nadia alitazama mabuti yake. "Mimi."

Macho ya Alima yalikuwa yakifuata kitu ndani ya chumba.

"Pweza kaingia kwenye droo yako," alisema. "Usimwache akauke humo."

Akajitwika kikapu kitupu, akaenda kusubiri chapa ya kurudi.