Pampu Tatu na Kipimo Kimoja

1

Fyoo.

Nyaa.

Fyoo.

Nyaa.

Wachukuzi wa maziwa kwenye benchi ya nje wanatega sikio. Sauti inatoka stoo, na mlango wa stoo umefungwa kwa ndani.

"Baiskeli inajazwa upepo," anasema mmoja.

"Stoo?"

"Basi bata."

Nyaa.

"Bata mwenye pumu."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ndani, juu ya gunia la sabuni, Sekela anasikia yote. Mkono wa kulia unaminya mpini wa pampu, wa kushoto umeshikilia blauzi. Amepewa dakika kumi na tano. Tisa zimekwisha, na chini ya chupa kuna maziwa ya kulowesha kidole.

2

KITUO CHA KUKUSANYIA MAZIWA, ISYONGA

TANGAZO KWA VIBARUA WOTE WA KIKE

(a) Likizo ya uzazi kwa kibarua ni wiki sita. Haitaongezwa.

(b) Watoto wachanga hawaruhusiwi eneo la mapokezi, kwa sababu za usafi.

(c) Anayenyonyesha atatumia stoo, dakika kumi na tano, mara moja kwa zamu.

(d) Ni marufuku kuweka maziwa binafsi kwenye jokofu la kituo.

Msimamizi

Chini yake, kwa penseli, mtu ameandika: Jokofu limejaa soda za msimamizi.

3

Huyo Sekela, kama humjui, ndiye anayepima.

Hapo Isyonga, kwenye miteremko ya Rungwe ambako mvua haijui kupumzika, maziwa ya vijiji sita hupita mbele yake kila asubuhi. Huchota, humimina kwenye bomba la kioo, hutumbukiza laktomita, kile kijiti chenye tumbo zito. Kikielea juu, maziwa ni mazito. Kikizama mpaka kikasoma chini ya ishirini na saba, yametiwa maji, na hata angeyaleta mwenyekiti wa kijiji yangemwagwa shimoni nyuma ya kituo. Miaka minne hajakosea hata mara moja. Watu wanamwogopa. Yeye anajua kwamba wanamwogopa, na moyoni anaona raha kidogo.

Mwanawe anaitwa Lwitiko. Ana wiki saba. Anashinda kwa bibi yake, mama yake Ambokile, mume wa Sekela. Kutoka kituoni mpaka kwa bibi ni saa nzima kwa miguu, kupanda.

Mtoto yuko juu ya mlima. Maziwa yake yako chini ya mlima.

Ndiyo maana ilibidi achague pampu.

4

PAMPU YA KWANZA. Ya mpira wa kubinya, mfano wa honi ya baiskeli.

Muuza duka la dawa: "Hii ndiyo wanayochukua wote, dada yangu. Binya, achia. Binya, achia."

Sekela: "Ndani ya mpira unaosha vipi?"

Muuza duka: "Unasuuza."

Sekela: "Nimeuliza unaosha vipi."

Muuza duka, kwa mteja mwingine: "Karibu, mzee."

PAMPU YA TATU. Inatajwa kabla ya pili kwa sababu ilifika nyumbani kabla ya pili. Ya umeme. Ambokile aliiazima kwa mke wa mwalimu, akaileta imefungwa kwenye kanga kana kwamba ni mtoto wa pili.

"Mama Lwitiko, hii ni mashine. Wewe unakaa tu, kazi inafanya yenyewe."

"Stoo haina soketi, baba."

"Nitaongea na msimamizi."

Hakuongea.

PAMPU YA PILI. Ya mpini. Plastiki ngumu, inafunguka vipande vitano, na kila kipande kinakubali maji ya moto. Sekela aliomba bakuli la maji palepale dukani. Akaijaribu ile ya mpira, akaijaribu ile ya mpini, midomo ikihesabu bila sauti, vile anavyojaribu kila kifaa kipya kituoni. Ya mpini ilivuta maji mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Akachukua ya mpini.

Akatoka dukani kichwa juu.

Lakini maji hayana aibu. Maji hayasikii wachukuzi wakicheka. Bakuli halijaacha mtoto juu ya mlima.

5

(Wachukuzi, wakiimba kwa kugonga madumu, siku dumu la mwenzao lilipomwagwa)

Sekela wa kipimoni, maziwa wayakataa,
Wayarudisha nyumbani, na watoto wana njaa,
Siku ije mtihani, na wewe utashangaa,
Utajimwaga shimoni, ukibaki waduwaa.

6

Jumatatu: mililita sitini.

Jumanne: hamsini na tano.

Jumatano: walibisha mlango. Thelathini.

Alhamisi: hamsini, kumi zikamwagika kwenye gunia la sabuni.

Ijumaa:

7

"Mwanangu, njoo uone," alisema mama mkwe Ijumaa hiyo, Sekela hata hajavua viatu vya mvua.

Chupa ya maziwa aliyokamua Sekela jana ilikuwa mezani tangu asubuhi, yamebakizwa kidogo ili ayaone. Juu umekaa utando mweupe mwembamba. Chini ya utando, maziwa yamekuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, yana ubluu.

"Mimi nimefuga ng'ombe tangu sijaota meno ya pili," alisema mama mkwe. "Haya ya kwako siyasemi vibaya. Ila ni mepesi."

"Maziwa ya mtu yanakuwa hivyo, mama."

"Nani kasema?"

"Kliniki."

"Kliniki wanakaa na mtoto wako? Analia kutwa. Anakunywa, anamaliza, analia. Tumbo linadai kitu, mwanangu."

Lwitiko alilia kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Sekela akamchukua, akamweka kifuani, mtoto akanyonya mpaka akasinzia. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Mama mkwe angemwambia ni mvivu, Sekela angecheka. Angemwambia hajui kupika, wangebishana. Amemwambia maziwa yake ni mepesi, na maziwa mepesi Sekela anajua yanavyofanywa.

"Kesho nitayapima," alisema.

"Pima," alisema mama mkwe. "Wewe si ndiye mpimaji?"

8

Jumamosi hakumnyonyesha mtoto alfajiri, ili kifua kijae. Aliteremka mlima akiwa amejikumbatia kwa maumivu. Stoo alikamua upande mmoja, akakamua wa pili, na safari hii hakuwasikia wachukuzi kabisa. Chupa ilijaa mpaka alama ya mia na hamsini. Akatoka nayo chini ya koti, haraka, kabla mtu hajamwona. Akamimina kwenye bomba la kioo. Mvuke ulipanda kidogo, maana asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Akatumbukiza laktomita.

Ikazama.

Ikazama.

Ikasimama.

Ishirini na nne.

9

(Laktomita inasema nawe, msomaji, kwa kuwa mwingine wa kusema naye hakuna)

Shingoni nimeandikwa kwa herufi ndogo nyekundu: nyuzijoto 20. Maana yake, niamini maziwa yakiwa yamepoa. Yakiwa ya moto yanakuwa mepesi, nami nazama zaidi ya haki. Anayejua huongeza theluthi ya alama kwa kila nyuzi moja iliyozidi, na hesabu inakaa sawa.

Isyonga hakuna anayeongeza. Hakuna haja. Ng'ombe hukamuliwa juu, dumu hupanda pikipiki, baridi ya njiani hulipiga saa nzima. Yakinifikia yamepoa. Miaka minne Sekela hajakosea, na miaka minne ile ile amesahau kwa nini hakosei.

Haya ya leo yametoka kwenye mwili wa mtu dakika tatu zilizopita.

Ningekuwa na mdomo ningemwambia subiri. Weka bomba dirishani, upepo uyapige, nitumbukize tena. Yangesoma ishirini na tisa. Pengine thelathini.

Sina mdomo.

10

DAFTARI LA MAZIWA YALIYOKATALIWA

Tarehe: Jumamosi

Jina la mleta maziwa: S.

Ujazo: mililita 150

Kipimo: 24

Sababu: mepesi

Hatua: yamemwagwa

Sahihi ya mpimaji: Sekela

Sahihi ya mleta maziwa:

11

Hakuna aliyemlazimisha kuandika. Ungekuwepo ungemwambia acha, hayo si ya kituo. Angekujibu kwamba kama angewaandika wengine na kujificha mwenyewe, angekuwa mpimaji wa namna gani. Ndivyo alivyo. Alisimama kando ya shimo nyuma ya kituo, akainamisha bomba, akatazama mpaka tone la mwisho. Kisha akarudi kupima.

Jioni alipanda mlima na chupa ya maziwa ya ng'ombe bora kuliko wote wa vijiji sita. Thelathini na mbili.

"Afadhali," alisema mama mkwe, akayachemsha mpaka yakafoka.

"Afadhali," alisema Ambokile, ambaye hupenda pande zote zikikubaliana.

Lwitiko alikunywa, akashiba, akalala muda mrefu. Nyumba nzima ikasema ahaa.

Pampu ikaoshwa vipande vyote vitano, ikafungwa kwenye mfuko.

Siku tatu kifua kiliuma. Siku ya tano kikalegea. Wiki ya pili aliminya kwa vidole, kwa udadisi tu,

12

(Benchi la zahanati, siku ya kupima watoto)

"Huyu wa nani, mbona macho yameingia ndani?"

"Wa yule dada wa kituo cha maziwa."

"Anayemwaga maziwa ya watu?"

"Sema polepole."

"Nasema polepole. Kadi yake umeiona? Mstari unashuka."

"Anaharisha tangu lini?"

"Shoga, mie si mama yake."

KADI YA KLINIKI. Mwezi wa pili: kilo 4.9. Mwezi wa tatu: kilo 4.1. Maoni: apelekwe wodini leo.

13

Wodi ina vitanda vinane na madirisha mawili. Lwitiko ametundikiwa maji, sindano imeingia kichwani kwa sababu mkononi mshipa haukuonekana. Halii tena. Sekela angelipa chochote alie.

Nesi Tumpale anaandika bila kuinua uso. "Ulimwachisha lini?"

"Wiki tatu."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Maziwa yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Sasa kwa nini, mama?"

Sekela anaeleza. Anaeleza vizuri, kitaalamu, anavyowaeleza wakulima wanaobisha. Kwamba kituo kina kiwango. Kwamba chini ya ishirini na saba hayapokelewi. Kwamba hakutaka kujipendelea. "Nilikamua yote mawili, nesi, nikajaza bomba. Nikayapima palepale, yakiwa bado ya"

Nesi anainua uso.

"Ya nini?"

Sekela anatazama mikono yake. Midomo inahesabu bila sauti. Nyuzi thelathini na sita, toa ishirini. Kumi na sita. Kwa kila nyuzi moja, ongeza theluthi ya alama.

Anaongeza.

Anafika ishirini na tisa.

Mama mkwe, aliyekaa mguuni pa kitanda, anamuuliza, "Nini, mwanangu?" Jibu ni dogo sana. Lingeenea kwenye mstari mmoja wa daftari.

"Mimi niliona ubluu tu," anasema mama mkwe, na kujifuta uso kwa ncha ya kanga.

Nesi anafunga faili. "Huwa yanarudi," anasema. "Kwa wengine. Kwa wengine hayarudi, sitakudanganya. Mweke kifuani kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna kitu. Pampu, kama unayo, utamalizia nayo. Akinyonya kwa nguvu, mwili unaweza kukumbuka. Ila huyu nguvu hana."

Sekela anamweka. Lwitiko amezoea chupa. Anageuza kichwa.

Anamweka tena. Anageuza.

Simu inatetemeka kwenye mfuko wa koti. Ujumbe wa msimamizi: *Sekela, siku tatu hujaonekana. Kesho saa kumi na mbili usipokuwepo naweka mtu mwingine. Nimeshampata.*

Ambokile amesimama nyuma yake dirishani, ameusoma juu ya bega lake. "Nenda," anasema taratibu. "Mama yupo. Mimi nipo. Kazi ikipotea, tutamlisha nini?"

Ameuliza swali la kweli.

Sekela anapapasa kifua chake. Hakuna uzito. Anambana mtoto karibu zaidi, shavu kwenye ngozi, na safari hii hageuzi kichwa. Hanyonyi pia. Analaza tu mdomo pale, amechoka.

"Sitoki hapa," anamwambia Lwitiko, kwa sauti, mpaka mama wa kitanda cha nne anageuka. "Yatoke, yasitoke. Kila saa mbili utanikuta."