Neno Nililokataa Kulitia Saini

Watu wa Mutsamudu, mji wetu kisiwani Nzwani, wakinitaja husema, "Loutfia, yule aliyeiacha shahada mezani." Wengine husema kwa kunisifu, wengine kwa kuniona punguani. Wote mimi huwajibu jibu moja: niliiacha kwa akili zangu timamu, na kesho wakinirudisha mbele ya meza ile nitaiacha tena.

Ilikuwa mwaka 1969, nami nina miaka kumi na tisa. Mfaransa alikuwa bado ametukalia, na shuleni kila kitu kilisomwa kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa somo la pembeni, la kujaza saa. Mimi ndicho nilichokipenda. Mjomba wangu Chamsidine alikuwa amerudi kutoka Unguja baada ya mapinduzi, hana kitu isipokuwa nguo alizovaa na kamusi nene ya Kiingereza iliyokwisha kupoteza jalada. Wenzangu waliridhika na maneno ya kitabu cha shule: mlango, dirisha, ng'ombe anakula majani. Ng'ombe yule alinichosha. Nilitaka maneno ya watu wazima, ya kugombana, ya kukataa, ya kumsema mtu akasemeka.

Namna ya kuyapata nilijifunza kwa baba yangu, Fundi Mikidache. Kwetu fundi ni mwalimu wa dini. Kila alasiri alisomesha vitabu vya sheria barazani. Mwanafunzi alisoma neno la Kiarabu, akatoa maana yake kwa lugha yetu, kisha Baba akamuuliza, "Nani hapa mjini?" Asiyeweza kumtaja mtu, au jambo lililotokea kweli, huyo hajaelewa, na alirudishwa mwanzo wa mstari. Palikuwa na kanuni nyingine kali zaidi. Anayeikataa maana ya mwenzake sharti atoe yake papo hapo, bila kufungua kitabu. Kama hana, afunge mdomo, mwenzake aendelee.

Kiingereza Baba hakukijua hata neno moja. Hilo halikumzuia kunisikiliza. Kila asubuhi, kabla hajamaliza chai, nilimpelekea maneno matano kutoka kwenye kamusi.

"Ostentatious," nilimwambia siku moja. "Mtu anayejionyesha ili watu wamtazame."

"Nani?"

"Bwana Moindjié. Tangu afanye harusi kubwa ya kupandia cheo mjini, hata samaki anakwenda kununua amevaa joho."

Baba alicheka mpaka akavua miwani. "Hilo umelijua. Lete jingine."

"Reluctant," yaani mwenye kusitasita, tulimpa binamu yangu Soidri, ambaye kila Ijumaa alipanda kijijini Patsy kumwamkia mama mkwe wake, na njia nzima alisimama kuwajulia hali hata mbuzi. "Obstinate," yaani mkaidi asiyeyumba, halikuhitaji kufikiriwa. Hilo lilikuwa la nyanya yangu, Koko Chamsia. Kwa miaka mitatu niliuingiza mji mzima kwenye madaftari yangu, na sikusahau neno hata moja, kwa kuwa kila nilipotoka nje nilikutana na maneno yangu yakitembea.

Mtihani wa mwisho wa Kiingereza ulipokuja, tuliambiwa tuandike insha ya kumweleza mtu tunayemjua. Nilimwandika Koko. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na jiko la Koko lilikuwa la mama yake na la bibi yake kabla yake. Serikali ilitaka kulibomoa ili kupanua njia. Koko alikaa kizingitini siku nne, shiromani yake, ile nguo ya kujitanda, imefungwa kiunoni, akawaambia vibarua wapite juu yake kwanza. Siku ya tano walimbeba pamoja na kiti chake. Niliandika kwamba hakutishika, kwamba alinyang'anywa haki yake, na kila jambo nililipa neno lake halisi la Kiingereza, si la jirani yake. Nilitoka chumbani nikiona raha. Kwa shahada ile ningekuwa mwanamke wa kwanza wa mji wetu kusomesha katika shule ya serikali, na nafasi ilikuwa inaningoja.

Badala ya shahada ikaja barua. Niende Moroni, nikasimame mbele ya kamati, nieleze ni nani aliyeniandikia insha. Nikikiri, nitarudia mtihani mwaka unaofuata. Nikikataa, nifutwe moja kwa moja.

Nililia kwa hasira, sitaficha. Mama alinishauri nikiri, mwaka si mwingi. Baba alisema neno moja tu: "Nenda." Nikapanda meli ya mizigo mpaka Ngazija, nikafikia kwa shangazi yangu Sitti, ambaye watoto wake walikicheka Kinzwani changu tangu nilipofungua mdomo. Niliwacheka na wao Kingazija chao, tukawa sawa.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mfaransa mzee aliyetazama saa kila mara. Aliyesahihisha insha yangu aliitwa Bwana Garrel. Mwandishi wa kamati alikuwa mtu wetu, Bwana Fakri wa Ntsoudjini, karani mwenye kanzu safi na mwandiko mzuri. Bwana Garrel aliiweka insha yangu mezani. Maneno kumi na moja yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu.

"Haya si maneno ya msichana wa Mutsamudu," alisema kwa Kifaransa. "Tunajua mnavyosoma. Tangu udogoni mnakariri msichokielewa."

Damu ilinipanda kichwani. "Basi niulize nilichokielewa."

Aliniuliza neno la kwanza, nikampa maana na mtu wake. La pili vilevile, na la tatu. Mwenyekiti aliacha kutazama saa. Bwana Garrel alianza kuruka huku na huku kwenye karatasi, akitafuta pa kuninasia. Akafika kwenye "dispossess."

Nilimjibu kwa Kiingereza: "Kumwondoa mtu kwenye kilicho chake, kisha ukamtaka akutii wewe uliyemwondoa."

"Hiyo siyo maana," alisema. "Hayo ni maneno ya siasa."

"Basi toa yako."

Alinitazama kama aliyeulizwa na kiti. Nikamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba katika darasa la baba yangu anayeikataa maana ya mwenzake sharti atoe yake, na kama hana, mwenzake anaendelea. Alicheka, akamgeukia Bwana Fakri ili wacheke pamoja. Bwana Fakri hakucheka. Na yeye alikuwa amekalia mkeka wa darasa la namna hiyo utotoni mwake.

"Ni kweli, bwana," alisema polepole. "Kwetu ndivyo tunavyosoma."

Bwana Garrel akanyoosha mkono kuchukua kamusi iliyokuwa mezani. Nikaiwekea kiganja juu.

"Bila kitabu," nikasema.

Nakiri nilipitiliza, msichana kumzuia mtahini mkono. Lakini nilikuwa nimevuka bahari kuja kuitwa mwizi, na adabu yangu yote niliitumia humo melini. Bwana Garrel aliiva uso kwa wekundu. Alianza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Mwenyekiti akakohoa, akasema inatosha, akatutaka mimi na Bwana Fakri tungoje nje.

Tuliporudishwa, nilipewa alama kumi kati ya ishirini. Ndicho kiwango cha chini cha kufaulu, wala si nusu alama zaidi. Nilikuwa tayari kuzipokea. Shahada yangu ilikuwa pale mezani, imeshapigwa mhuri, jina langu juu yake. Mwenyekiti alimsomea Bwana Fakri maneno ya kuandika, naye akaandika, kisha akanisogezea karatasi na kalamu. Nitie saini, nichukue shahada, niende zangu.

Mimi huwa nasoma kabla ya kutia saini. Karatasi ilisema kwamba kamati, baada ya kumsikiliza mtahiniwa, *imemsamehe*.

Nililisoma mara mbili. Kisha nikamwuliza Bwana Fakri kwa lugha yangu ya Nzwani, "Nimesamehewa nini?"

Alinijibu kwa Kingazija, macho yakiwa kwenye wino wake. "Tia saini, mwanangu. Shahada hiyo hapo. Hilo ni neno tu."

"Nimefanya kosa gani?"

"Hukufanya."

"Basi lifute. Andika kwamba insha ni yangu."

Bwana Fakri alimfasiria mwenyekiti, na sauti yake ikawa inapungua kila alipoendelea. Mwenyekiti alishusha pumzi. Alisema kamati imekuwa na huruma, na haitabadilisha hata herufi. Bwana Garrel alikuwa ametulia sasa, karibu anatabasamu. Alijua kwamba kwa neno lile, na kwa saini yangu mwenyewe chini yake, ningekuwa mwizi aliyesamehewa mpaka nife, na kila mwanafunzi nitakayemsomesha ningemsomesha kwa ruhusa yake.

Niliitazama shahada. Niliitaka, wallahi. Niliitaka hata vidole vikaniwasha. Nikaiona ile nafasi ya shule, nikamwona mama yangu akiwaonyesha majirani mhuri. Mkono wangu ulikwishashika kalamu.

"Sisamehewi nilichofanya vizuri," nikasema, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiingereza ili Bwana Garrel asipate kisingizio. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi, nikatoka.

Njiani kurudi kwa shangazi nilikaa kwenye ukuta mfupi. Nililia tena pale ukutani. Kufutwa nikafutwa, kama walivyoahidi, na ile nafasi alipewa Mfaransa kijana aliyedumu miezi saba.

Nikafungua darasa ukumbini mwangu, katika nyumba niliyopewa na mama yangu, ambamo hapana mkaguzi wa kunigongea mlango. Walikuja watatu, wakawa kumi, wakawa thelathini na wawili, nusu yao watoto wa maofisa wa serikali ileile iliyonifuta. Niliwapa maneno makubwa tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyezimia.

Mwaka wa pili akashuka melini msichana wa Moroni, Nouriat, ana sanduku la bati na barua. Alikuwa binti wa Bwana Fakri. Barua ilikuwa ya mistari miwili, kwa ule mwandiko mzuri: "Mfundishe binti yangu kama ulivyofundishwa wewe. Neno lile nilipoliandika nilijua maana yake."

Baba yake sijamsamehe. Binti nilimkalisha mstari wa mbele.