Arobaini Iliyopisha Mpira

Arobaini ya Mzee Habib ilipangwa Jumamosi, ikahamishiwa Jumapili kupisha mpira. Timu ya chuo cha jirani haikuwahi kufika nusu fainali ya taifa tangu chuo kijengwe, na vijana wengi wa msikitini wamesoma hapo. Badawi, mwanawe mkubwa, alisema marehemu hana haraka. Akatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp, watu wakajibu kwa vidole gumba. Fatma, dada yake, ambaye nyumba ni yake, hakujibu kitu. Kunyamaza kwake kukahesabiwa idhini.

Basi Jumamosi mchana sebule ya Fatma, Hyattsville, huku ughaibuni, ilijaa wanaume waliovaa jezi mpya. Mikeka ya khitma ilikuwa imeviringishwa nyuma ya kochi. Fatma alikuwa akikaanga sambusa za kesho, nazo zilikuwa zikiliwa leo.

Kengele ikalia. Alikuwa Gahungu, jirani Mrundi wa ghorofa ya chini, amevaa suti na tai, kakumbatia katoni ya soda. Yeye hayumo kwenye grupu. Nyuma yake alisimama Mzee Habib katika sanda yake, na juu ya sanda koti la Gahungu, kwa sababu nje kulikuwa na theluji.

"Nimemukuta pale ku parking," Gahungu alisema. "Na yeye amekuja ku arobaini."

Wanaume wakainuka, wakamwamkia, wakampisha kwenye kiti chake cha zamani karibu na hita. Mmoja akapunguza sauti ya televisheni, si sana.

"Mbona sisikii Yasini?" Mzee aliuliza.

"Ni kesho, baba," Badawi alisema. "Leo kuna game. Hii ni historia."

"Kesho sikupewa ruhusa, mwanangu. Nina leo tu, mpaka Magharibi."

"Basi tutakusomea half-time, inshallah."

Fatma aliyasikia hayo mlangoni mwa jikoni, akaona haya mpaka masikio yakamchoma. Rimoti ilikuwa mezani, mkono wake ungeifikia. Lakini wageni ni wageni, na Badawi ndiye kaka mkubwa. Akampelekea baba yake chai. Mzee hakuinywa, aliishika tu ipate kumpasha moto mikono.

Mapumziko yalipofika, wanaume waligombana juu ya kocha na kumaliza sinia la pili. Mikeka ilibaki pale pale nyuma ya kochi. Gahungu akaja jikoni taratibu.

"Dada Fatma, mimi sijui maombi yenu. Ningejua, ningemusomea."

Fatma aliijua Yasini yote kwa moyo. Baba yake ndiye aliyemfundisha, kwa upole, bila bakora. Akamwambia Gahungu kwamba sambusa zinaungua.

Timu zikatoka sare, zikaingia muda wa nyongeza. Dirisha likawa jeusi. Adhana ya Magharibi ikalia kwenye simu ya mtu, mwenyewe akaizima bila kuitazama. Mzee Habib akasimama, akavua koti, akalikunja vizuri.

"Nani anaongoza?" aliuliza kwa adabu.

"Sisi, baba," Badawi alijibu bila kugeuka.

"Alhamdulillahi."

Gahungu akamsindikiza. Walipofika ngazi ya chini, nyumba ilitetemeka kwa vifijo: timu imeshinda, wanaume wanakumbatiana na kulia. Fatma naye alilia, wakadhani ni mpira.

Jumapili khitma ilisomwa vizuri sana. Biriani ilisifiwa. Gahungu alikuja tena na suti ile ile, akaketi karibu na kile kiti kitupu.

Mwaka uliofuata hauli yake, kisomo cha kumkumbuka kila mwaka, iliangukia Jumamosi, na timu inacheza. Badawi akatuma ujumbe, vidole gumba vikamiminika. Fatma hakujibu kitu. Jumamosi asubuhi alisogeza kiti cha baba yake karibu na hita, akakigeuza kielekee televisheni, na juu yake akaweka koti jipya la baridi alilomnunulia.